Kiti cha Mkubwa na Wanaokibeba

Walimu wetu, ndugu waongozaji, vijana mnaojiandaa kupanda jukwaani muhula huu, na ninyi nyote mliojaza viti hivi, asanteni kwa kuja.

Naomba tuanzie kaburini. Tamthilia ya Francis Imbuga, Betrayal in the City, ambayo wengi mnaijua kwa jina lake la Kiswahili, Usaliti Mjini, ilichapishwa mwaka 1976. Inapoanza hatuoni ikulu wala magari ya ving'ora. Tunawaona wazee wawili, Doga na mkewe Nina, kando ya kaburi la mtoto wao Adika, mwanafunzi aliyeuawa kwenye maandamano. Kaburi lina ufa. Wazee hawa wanataka jambo dogo tu, kunyolewa nywele ili kumaliza matanga kama mila inavyodai. Wanatokea askari wawili, Jere na Mulili, kuwapa habari kwamba hata hilo limekatazwa, kwa ajili ya amani. Na Boss, mtawala wa nchi hiyo ya Kafira, yuko wapi? Hayupo, na hataonekana kwa muda mrefu. Kutoka kaburini tunapelekwa seli, kutoka seli tunaingia majumbani na kwenye vikao, na kote huko jina lake limekwishatangulia. Mkizipanga upya herufi za Kafira mtapata Afrika.

Nimekuja na jambo moja. Katika tamthilia bora za Afrika ya baada ya uhuru, udikteta haukai ndani ya mwili wa dikteta. Unakaa kwa wanaombebea kiti. Ndugu zetu wa Tanzania siku hizi wana neno lao zuri kwa watu hawa: chawa. Na wazee walikwishasema kikulacho ki nguoni mwako. Mwongozaji anayemaliza fedha zote za maleba kwenye kofia na nishani za mkubwa amewekeza pasipofaa. Mwanafunzi naye anayejaza kurasa nne za sifa za Boss bila kumgusa Tumbo, Mulili wala Nicodemo hajaifikia tamthilia.

Twendeni basi kwenye kikao cha kamati, kwa maana hapo ndipo maonyesho mengi ya Usaliti Mjini yanapoanguka. Mkuu wa nchi ya kigeni anatarajiwa kuzuru Kafira, na kamati imeundwa ili kuandaa burudani. Kuna Tumbo anayeiongoza, kuna Kabito na Nicodemo, kuna Mulili ambaye ni binamu ya Boss, na kuna wafungwa Jere, yule askari wa kaburini, na Mosese, mhadhiri, ambao wataigiza. Juu juu ni kikao cha kawaida kama vile vyote tunavyovijua, kina ajenda, kina posho, kina mazungumzo ya pembeni. Kabito ana donge moyoni: tenda ya kupeleka maziwa chuo kikuu, aliyoitegemea, imechukuliwa na Mulili. Analisema. Hilo ndilo kosa lake lote. Mulili analipeleka kwa Boss, tena si kama lilivyosemwa, na Kabito hapati nafasi ya kujitetea. Wenzake wanaletewa habari kwamba amekufa katika ajali ya barabarani.

Tazameni mashine hii inavyofanya kazi. Hakuna aliyepindua serikali, hakuna aliyeandika waraka. Mtu amelalamika kuhusu maziwa. Aliyeusikia ulalamishi ana masikio ya mkubwa, na mkubwa hana njia nyingine ya kujua kinachosemwa nchini isipokuwa kupitia masikio hayo. Boss mwenyewe ni mfungwa wa Mulili kwa namna hiyo. Kila habari inayomfikia imeshapitia kwa mtu mwenye ng'ombe wake wa kulinda.

Makosa yanayotokea hapa nayajua kwa sababu yanajirudia mwaka hadi mwaka. La kwanza ni Mulili kugeuzwa mchekeshaji. Imbuga amempa Kiingereza kilichovunjika, na mwigizaji akishaonja kicheko cha hadhira hataki kukiacha. Anavunja zaidi, anatoa macho, anakuna tumbo. Onyesho linakuwa tamu, kisha Kabito anakufa na hadhira bado inacheka. Dawa yake si kukikataza kicheko. Waache watu wamcheke Mulili mwanzoni, wamdharau kabisa, wamwone mjinga. Kikaoni, neno la tenda ya maziwa linapotajwa, mwigizaji aache kila kitu alichokuwa akifanya kwa mwili: mguu uliokuwa ukitikisika utulie, kalamu aliyokuwa akichezea ilale mezani. Asibadili sauti wala asikunje uso. Atulie tu kwa muda wa pumzi tatu, halafu aendelee. Hadhira itaisikia baridi hiyo bila kuambiwa, na kicheko kinachofuata hakitakuwa kile cha mwanzo.

La pili ni kasi. Vijana huogopa kikao kirefu cha watu wamekaa, kwa hiyo wanakimbiza mazungumzo na kupandisha sauti ili kuwe na "vitendo". Kikao cha namna hii kinatisha kwa sababu kinachosha. Wapeni waigizaji vitu vya mkononi: jalada la karatasi, bahasha ya posho, kikombe cha chai, saa ya mkononi. Kila mmoja awe na kimoja tu na ajue anakitumia lini. Bahasha ya Nicodemo inaweza kusema mengi kuliko maneno yake, ikiwa ataipapasa mfukoni kila jambo gumu linapotajwa.

La tatu ni dogo na ndilo linaloniuma zaidi. Habari ya kifo cha Kabito inapofika, kiti chake huwa kimeshaondolewa. Vijana wa nyuma ya jukwaa, kwa nia njema, wamekipisha gizani ili kupata nafasi. Msikiondoe! Kiti kibaki pale pale, na ikiwezekana jalada lake liwe bado mezani. Wenzake waendelee kukaa kando ya kiti kitupu, na Tumbo afike mahali pa kupitisha karatasi kutoka mkono hadi mkono na karatasi ikwame kidogo hapo katikati, ambapo hakuna mkono wa kuipokea. Ni sekunde mbili tu, na hazihitaji hata taa ya ziada.

Sasa bunduki. Jusper, ndugu yake Adika, ambaye watu wamemchukulia kuwa mwendawazimu, ndiye aliyeandika mchezo utakaoigizwa mbele ya mgeni. Katika mazoezi ya mchezo huo, Boss akiwapo, waigizaji ambao ni wafungwa wanaacha kuigiza na kumgeuzia silaha. Mchezo ndani ya mchezo unapasuka, na kile kilichokuwa burudani kinakuwa mapinduzi. Vikundi vingi hutumia bunduki za mbao, na ni vizuri, kwa sababu silaha ya kweli haina nafasi katika ukumbi wa shule hata ikiwa haina risasi. Tatizo la mbao ni wepesi. Bunduki ya kivita ina uzito wa kilo 4 hivi, na mwili wa anayeibeba huonyesha: bega moja hushuka, mkono wa mbele huchoka, mtu hageuki haraka. Ya mbao laini haifiki hata kilo 2, na kijana huizungusha kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Fundi akitoboa kitako na kujaza mchanga au vipande vya nondo, kisha akaziba, tatizo limekwisha. Na ile sekunde ya mgeuko, ambapo mchezo unageuka kuwa kweli, isiharakishwe. Mtutu ulioelekea chini upande polepole kiasi cha hadhira kujiuliza kama hilo nalo limo kwenye mchezo wa Jusper.

Mkilifanya hilo vizuri, mtafika salama kwenye jambo ambalo wanafunzi huniuliza kila mara: mbona Boss anaachwa hai, na anayepigwa risasi ni Mulili? Jibu limo katika kile Mulili anachokifanya mara tu bunduki zinapogeuka. Mtu aliyekula kwa jina la Boss, aliyeua kwa jina la Boss, ndiye wa kwanza kumruka na kutaka auawe. Hasiti hata kidogo. Alikuwa tayari kumtumikia yeyote ambaye angekalia kiti. Imbuga anatuonyesha kwamba ukimwondoa mkubwa na kumwacha mtu huyu, kesho atakuwa amesimama nyuma ya kiti kile kile, na juu yake ameketi mwingine. Mnaweza kutokukubaliana na risasi ya Jusper. Mimi mwenyewe naiona kuwa ya hasira ya nyumbani zaidi kuliko ya siasa, kwa kuwa Jusper amefiwa na ndugu na wazazi. Lakini usahihi wa shabaha yake kimaana siubishi.

Tuliweke jukwaa kando kidogo, tutazame mwaka mmoja tu, 1977.

Januari na Februari mwaka huo Lagos ilikuwa mwenyeji wa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi duniani. Kenya ilipeleka michezo miwili: huu wa Imbuga, na The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Fikirini. Nchi ambayo tangu 1969 ilikuwa na chama kimoja kwa vitendo, ambayo mwaka 1975 ilikuwa imempoteza mbunge J. M. Kariuki kwa mauaji, ilipeleka nje mchezo unaoonyesha mwanafunzi akiuawa, mhadhiri akifungwa kwa kesi ya kubambikiwa, na mtawala akielekezewa bunduki. Kwenye tamasha lile lile Uganda iliwakilishwa na Byron Kawadwa, aliyekuwa akiongoza sanaa katika ukumbi wa taifa wa Kampala, na mchezo wake wa nyimbo Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo. Aliporudi nyumbani, watu wa Idi Amin walimchukua, akauawa.

Kisha tarehe 2 Oktoba, Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ukafunguliwa mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili ni Nitaolewa Nikipenda. Tarehe 16 Novemba kibali kikaondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi kwa karibu mwaka mzima.

Nataka mjiulize swali ambalo kwangu ndilo kiini cha mada yetu. Kwa nini ule wa Boss na bunduki ulipewa tiketi ya ndege, na huu wa mkulima na bintiye ukafungwa baada ya wiki sita? Katika Ngaahika Ndeenda hakuna rais. Hakuna mapinduzi ya kijeshi. Kuna Kĩgũũnda na mkewe Wangeci, kuna binti yao Gathoni, kuna tajiri Ahab Kĩoi na wenzake wa kanisani na wa benki. Kuna hati ya shamba la ekari moja na nusu iliyotundikwa ukutani. Kĩgũũnda anashawishiwa afunge ndoa ya kanisani, anakopa benki kwa dhamana ya hati ile, na shamba linapotea. Basi.

Sehemu ya jibu ni lugha. Usaliti Mjini uliigizwa kwa Kiingereza, kwenye ukumbi wenye pazia na tiketi. Ngaahika Ndeenda uliigizwa kwa Kikuyu, na wakulima na wafanyakazi, baadhi yao wa kiwanda cha viatu kilichokuwa hapo hapo Limuru. Ukumbi ulijengwa na wanakijiji wenyewe, wa wazi, wa kuchukua watu zaidi ya 2,000. Mazoezi hayakufungiwa ndani. Watu walipita, wakakaa, wakasahihisha: hapana, mzee hawezi kusema hivyo, wimbo huu hatukuuimba namna hiyo. Miezi ile ya mazoezi iliubadilisha mswada, na ilibadilisha pia hadhira, kwa kuwa siku ya kufungua, mtu aliyekaa kwenye benchi alikuwa ameshauchangia mchezo anaoutazama.

Ila lugha peke yake hainitoshelezi. Mchezo wa Imbuga unampa mtawala yeyote nafasi ya kusema kwamba Boss si yeye, ni yule wa nchi jirani. Ile hati ya ekari moja na nusu haina jirani wa kutupiwa. Kila aliyekuwa ameketi pale aliijua hati ya aina hiyo, alilijua jina la aliyeichukua, na pengine alimfanyia kazi. Chawa wa Kafira wako Kafira. Wale wa Ngaahika Ndeenda walikuwa wanapita barabarani kwa gari wakati onyesho linaendelea. Serikali ilivumilia kuonyeshwa kichwa cha mfumo. Miguu yake ilipoonyeshwa, haikuvumilia. Mwaka 1982, kikundi kilipojaribu tena na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, kilizuiwa kuutumia ukumbi wa taifa, na mwezi Machi polisi wakaenda Kamĩrĩĩthũ kuubomoa ukumbi wenyewe. Waliona kwamba kuufungia mswada hakutoshi ikiwa mabenchi bado yapo.

Kwa wanaotaka kuuigiza mchezo huu leo, neno moja kuhusu hati. Msiikuze. Nimekutana na wazo la kuitengeneza kama bango la mita nzima ili watu wa nyuma waione. Hati ya shamba ni karatasi ya kawaida, na kutoka umbali wa mita 15 itaonekana kama doa jeupe ukutani. Inatosha. Kinachoifanya ionekane ni macho ya Kĩgũũnda. Kila aingiapo ndani aitazame kabla ya kumtazama mkewe, mara zote, bila kukosa, hata akiwa na hasira. Ikishakwenda, macho yake yaendelee kwenda pale pale ukutani kwa mazoea, yakute msumari.

Wapo waandishi waliochukua njia ya kinyume, wakamleta dikteta mbele kabisa, mzima mzima. Wole Soyinka wa Nigeria ndiye fundi wao. Katika A Play of Giants, iliyochapishwa mwaka 1984, ametukusanyia wanne ndani ya ubalozi mmoja New York, karibu na Umoja wa Mataifa: Kamini, ambaye ni Amin bila shaka yoyote, Kasco, aliyechongwa kwa mfano wa Bokassa wa Afrika ya Kati, yule aliyejitawaza kuwa mfalme mkuu Desemba 1977, Gunema wa mfano wa Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta, na Tuboum wa mfano wa Mobutu wa Zaire. Wamekaa kitako wanachongwa sanamu.

Hatari ya mchezo huu ni kwamba kila mtu anamjua Amin wa filamu za habari. Mwigizaji anajifunza kicheko chake, anapandisha mabega, na kwa saa mbili tunatazama mwigo. Kwa mtazamo wangu mchezo unashikwa mahali pengine, kwenye kisa cha mwenyekiti wa benki kuu. Bwana huyu amekuja na taabu ya kweli: fedha za nchi hazina thamani, na anathubutu kuzilinganisha na karatasi ya chooni. Kamini anaamuru kichwa chake kizamishwe kwenye bakuli la choo, na kila tangi linapojaa, maji yavutwe tena. Hatuoni. Tunasikia. Na huku nje, wakubwa wanaendelea na maongezi yao.

Tangi la choo la kawaida huchukua dakika moja mpaka mbili kujaa. Basi mwenye kusimamia sauti akae na saa, na maji yavutwe kwa mapigo hayo hayo, yasisubiri sentensi iishe wala kutafuta mahali pa kuchekesha. Yakate maneno katikati. Baada ya mara nne au tano hadhira itaanza kuhesabu yenyewe, itaanza kuyasubiri, na hapo itajigundua kwamba imekaa na wakubwa wale sebuleni, inasikia na haiinuki. Makosa ya kawaida ni mawili: kuivuta sauti mara mbili tu kisha kuisahau, au kuipandisha mpaka inakuwa ngurumo ya maporomoko. Iwe sauti ya choo cha chumba cha pili.

Na yule mchongaji? Anasema kwa mdomo wake kwamba sanamu hizi zinafaa kuwekwa kwenye chumba cha maonyesho ya kutisha. Anarudi akiwa amefungwa bendeji mwili mzima, na anaendelea kuchonga. Ukimweka kando ya Sudi wa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ya mwaka 2015, unapata mazungumzo ya kusisimua sana. Huko Sagamoyo, mtawala Majoka amelifunga Soko la Chapakazi, kwa kuwa anapataka mahali hapo kwa hoteli ya kifahari, na anataka wachongaji wamtengenezee kinyago cha shujaa kwa ajili ya sherehe za uhuru. Boza anachonga. Sudi anakataa. Kenga, mshauri wa Majoka, analeta keki ya uhuru, na Sudi anaikataa keki pia. Mtawala mwenye polisi na jela bado anahitaji mtu mwenye patasi akubali kwa hiari yake. Ndiyo maana jela inamfikia mke wa Sudi, Ashua.

Kwenye jukwaa, keki ile iwe keki halisi na iliwe kweli. Boza akila, makombo yaanguke juu ya kazi yake, na ayafute kwa kiganja kabla ya kuendelea na patasi. Vinyago visiwe vimekamilika. Kipande cha mti kilichotolewa pua tu kinatisha kuliko sanamu nzuri. Maganda ya mti yatandazwe sakafuni kwenye onyesho la kwanza na yasifagiliwe mpaka mwisho, hata jukwaa likigeuka kuwa ofisi ya Majoka.

Nitapita haraka kwa wengine. The Floods ya John Ruganda, ya mwaka 1980, imegawanywa katika mawimbi matatu badala ya matendo, na dikteta wake ni tangazo: watu wa kisiwani wanaambiwa mafuriko yanakuja, wapande mashua, na mashua hiyo ni mtego. Mvuvi Kyeyune ndiye anayetuambia ziwa linatunza nini. Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mtemi Bokono wa Butangi hamuui Mwelusi kwa mkono wake. Anamtumia Gege, ndugu wa damu wa Mwelusi. Mstahiki Meya ya Timothy Arege ina mkubwa anayelalamika kwamba mayai yamekuwa madogo, huku hospitali ikiwa haina dawa, na baadhi ya madiwani wakikubali kila neno lake. Kezilahabi naye katika Kaptula la Marx amemvisha rais kaptula kubwa kuliko kiuno chake, na mwenye kuandaa maleba asiishone ikamtosha: mkono mmoja wa rais uwe na kazi ya kuishikilia muda wote.

Sasa msukosuko wenyewe, umati. Hapa vikundi vyetu vinahangaika kwa kuwa tamthilia inadai nchi nzima, na kikundi kina watu kumi na wawili. Wengi huwapanga watu sita kwenye mstari, wapaze kaulimbiu moja kwa pamoja, ngumi juu. Hilo ni gwaride, si ghasia. Watu wenye hasira hawasemi kwa pamoja mpaka wimbo uwashike. Anzeni na sauti tatu zinazogongana, mwanamke mmoja anayeita jina la mtu, mwingine anayebishana na mwenzake njia ya kupita, mtoto analia. Wimbo uje baadaye, kutoka kwa mmoja, na wengine waudake mmoja mmoja.

Umati usionekane mapema. Ukumbi wa shule una milango miwili aghalabu: wekeni watu wanne nje ya kila mlango, nyuma ya hadhira, wakanyage sakafu wakiwa na viatu. Hadhira ikizungukwa na vishindo, haina haja ya kuona vichwa mia. Msitegemee sauti iliyorekodiwa kwenye simu, maana itatoka kwenye spika moja upande mmoja, na umeme ukikatika nchi yenu nzima imekufa. Tatizo la walioko nje ni kwamba hawasikii ishara. Mwekeni mtu mmoja dirishani, anayeliona jukwaa, ashushe mkono; na wa mlango wa pili wamtazame yeye, wasibahatishe.

Na mkishaupata umati, mtazameni askari. Mwishoni mwa Kigogo, Kingi, mkuu wa polisi, anakataa kuamuru watu wapigwe risasi. Jere wa Imbuga, aliyekuja kaburini akiwa na bunduki, ndiye wa kwanza kuona aibu mbele ya wazee, na aibu hiyo inampeleka seli. Kwa hivyo mpangieni askari wenu mahali ambapo hadhira itamwona akiwa kimya. Kila mara amri inapotolewa, awe katikati ya mkubwa na watu. Mwigizaji wa Kingi apewe muda wa kutoka sekunde 5 hadi 8 kabla ya kujibu, hata kama anayeigiza Majoka ataona ni mrefu mno. Vishindo vya nje navyo visimame hapo, watu wote wavute pumzi pamoja naye.

Namalizia na jambo la juzi tu, ambalo wengi hapa mnalikumbuka. Aprili 2025, Shule ya Wasichana ya Butere ilifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wa Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, kuhusu dola ya kubuni inayotoka vitani na vijana wanaodai kusikilizwa. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wasizuiwe kuuigiza. Mwandishi alikamatwa alipokwenda kufanya nao mazoezi. Asubuhi ya tarehe 10, polisi waliwatawanya watu na wanahabari waliofika kutazama, kwa mabomu ya machozi. Mswada haukuguswa hata neno. Wasichana walipoingia ukumbini hawakukuta hadhira. Waliimba wimbo wa taifa, wakatoka, wakapanda basi.